Uliza Dokta wa Wanyama: Sungura wangu majike wameanza kupandana, niwatenganishe kabla ya operesheni?

SWALI

Shikamoo Dokta. Mimi ni msomaji wenu wa Mbezi, Dar. Nina sungura wawili majike, ndugu wa tumbo moja, tuliwachukua wakiwa na miezi miwili na sasa hivi wana kama minne na nusu. Toka wamekuja wanalala pamoja, wanalambana masikio, yani ukimtoa mmoja nje mwenzake anamtafuta nyumba nzima. Sasa hizi siku za karibuni yule mkubwa kidogo, tunamwita Karanga, kaanza kumpanda mwenzie Kashata kutwa nzima, anamkimbiza, na jana nimekuta vibonge vya manyoya chini. Damu hakuna. Dokta wa huku kwetu kasema operesheni ya kutoa kizazi mpaka wafike miezi sita. Mume wangu anasema kila mmoja awekwe banda lake mpaka siku hiyo, dada yangu anasema nikiwatenganisha ndo basi tena, hawatapatana maisha. Nimsikilize nani? Mwanangu analia kila akiona wanakimbizana.
Mama Karanga, Mbezi

JIBU

Marahaba mwanangu, na mwambie mtoto asilie, Karanga hajawa mbaya. Ni homoni zimeingia. Sungura wadogo wadogo wa umbo wanapevuka mapema sana, wengine miezi mitatu na nusu tu au minne, wakubwa ndo wanafika mpaka sita na kuendelea. Kwa hiyo hao wako wamefika kwenye kile kipindi kigumu, mwili ushakomaa ila operesheni bado, na ndo hapo mapacha waliolelewa pamoja tangu wadogo wanaharibikiana kabisa wasiposimamiwa. Waliopatana utotoni hawajaapishana kwamba watapatana ukubwani.

Ila kabla hatujaenda mbali, naomba kitu kimoja ufanye wiki hii hii: hakikisha kweli ni majike wote wawili. Nasema hivi kwa sababu aliyekuuzia wakiwa na miezi miwili anaweza kuwa alikosea bila nia mbaya, kwenye umri huo kuwatofautisha ni kazi hata kwa mzoefu, korodani za dume zinashuka kwenye wiki ya 10 mpaka 12 hivi. Kwa miezi minne na nusu sasa inaonekana wazi. Mshike kwa utulivu, mgongo uegemee kifua chako, makalio umeyabeba vizuri kwa mkono (sungura akirusha mateke hewani anaweza kujivunja uti wa mgongo), bonyeza taratibu karibu na sehemu ya siri. Jike utaona mpasuo, dume inatokeza kama kibomba cha duara, na pembeni kuna vifuko viwili virefu visivyo na manyoya. Ukiona dume, tenganisha saa hiyo hiyo, usisubiri kesho. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi na jike anaweza kubeba nyingine siku ile ile aliyozaa. Undugu kwao hauzuii chochote.

Tuseme umehakikisha, ni majike wote. Sasa nikujibu ulichouliza.

Usiwatenganishe kwa sababu ya kupandana peke yake. Majike wanapandana, sehemu ni homoni na sehemu ni kupangana nani mkubwa nani mdogo, na wakizuiwa kila wanapojaribu hayo mazungumzo yao hayaishi, kesho wanaanza upya. Mwache Karanga apande, sekunde kadhaa hivi, halafu mtelezeshe pembeni kwa mkono kama unaona Kashata kachoka au kajikunyata. Kuna staili moja tu usiiruhusu hata kidogo, akipanda upande wa kichwa, yani kageuka mbele nyuma, kwa sababu hapo mdomo wa aliyepo chini unafika kwenye sehemu za siri za aliyepo juu na anaweza kumng'ata vibaya mno. Hiyo ukiiona, mgeuze au mshushe.

Kukimbizana na vibonge vya manyoya bila damu pia bado ni sawa, mradi baada ya hapo warudi kulala pamoja na kulambana. Hicho ndo kipimo changu mimi, siangalii sana walivyokimbizana, naangalia baada ya nusu saa wako wapi. Wako ubavu kwa ubavu wanakula? Waache. Mmoja yuko juu ya boksi hashuki, hali mpaka mwenzie aondoke, anakojoa alipojificha? Hapo tayari kuna shida hata kama hujaona kidonda. Na zipo dalili za ugomvi wa kweli unaokuja: masikio yamelazwa nyuma, mkia umenyanyuka, wanazungukana kichwa kwa mkia haraka haraka, mmoja ananguruma. Kutoka hapo mpaka wakunjane wawe mpira mmoja unaobiringika chini ni suala la sekunde. Ikifika huko usiingize mkono mtupu, meno ya sungura yanapasua mpaka ndani, tupia taulo zito au ingiza ufagio katikati.

Sasa hapa ndo natofautiana na dada yako. Wakipigana kweli mara moja, damu imetoka, wamebiringishana, basi watenganishe siku hiyo hiyo na usiwarudishe pamoja mpaka baada ya operesheni na homoni zimetulia. Watu wengi wanawapa nafasi ya pili, "labda leo wamechokozana tu", ile ya pili ndo inaacha sikio limechanika na chuki isiyotoka. Sungura wanakumbuka. Pambano moja lililokatizwa mapema linasahaulika, mapambano mfululizo ndo yanayotimiza hilo analoogopa dada yako. Na mumeo naye nimpe haki yake, banda la pili liandaliwe kuanzia leo, likae tayari, ila wasiingizwe humo bila sababu.

Na ukitenganisha usimpeleke mmoja uani mwingine sebuleni. Waweke jirani, wavu katikati, waonane na wanusane. Wavu uwe mara mbili na nafasi ya vidole vitatu vinne hivi kati yake, maana wavu mmoja wanang'atana pua na vidole vya miguu kupitia matundu. Kila siku badilishana, huyu aingie upande wa yule, au hamisha matrei ya choo na vitambaa vyao, ili harufu ya mwenzie isiwe ngeni. Chakula wawekee karibu na wavu wale wakiangaliana. Ukifanya hivyo hata miezi miwili haiwaui urafiki wao.

Kwa sasa wakiwa bado pamoja, kinachosaidia kuliko kitu chochote ni nafasi. Hujaniambia banda lako likoje, ila kama ni yale ya mbao na waya tunayofugia sungura wa nyama hapa kwetu, hiyo peke yake inatosha kuwagombanisha. Chama cha ustawi wa sungura cha Uingereza, RWAF, kinashauri sungura wawili wapate angalau mita 3 kwa 2 na kimo cha mita 1, muda wote, siyo saa moja ya kutolewa jioni. Mita hizo unazipata ukifunga kona ya veranda au chumba cha stoo. Kila kitu kiwe viwili viwili, trei mbili za choo, bakuli mbili, mafungu mawili ya nyasi kavu, na viboksi vya kujificha viwe na milango miwili, kwa sababu sungura aliyekimbizwa akakwama kwenye boksi la mlango mmoja hana njia ila kupigana. Nyasi kavu ndo ziwe chakula chenyewe, zijae muda wote, peleti (chakula cha dukani cha punje punje) kidogo tu. Sungura anayetafuna kutwa hana muda mrefu wa kumsumbua mwenzie.

Na kwa Dar niongeze joto. Sungura hatoki jasho, anapoa kwa masikio, ikifika nyuzi 28 na kuendelea anaanza kuteseka na mwenye joto anakuwa na hasira. Chupa za maji zilizogandishwa zifunge kitambaa uwawekee mbili, siyo moja ya kugombania.

Sasa operesheni. Miezi sita aliyosema dokta wako ni sawa kabisa, wengine wanafanya kuanzia mitano kwa sungura aliyejaa vizuri, unaweza kumuuliza kama Karanga anafaa kufanyiwa mapema kidogo maana dalili zishaanza. Na ifanye hata kama wangekuwa wamepoa kama maji, kwa sababu saratani ya kizazi kwa sungura majike ni kitu cha kawaida sana, kwenye baadhi ya mbegu imekutwa kwa zaidi ya nusu ya majike waliovuka miaka 4. Hiyo kwangu ndo sababu namba moja, utulivu ni faida ya juu yake.

Wafanyiwe wote wawili, siku moja, wapelekwe pamoja kwenye boksi moja na warudi pamoja. Sisemi hivi kupunguza safari. Anayerudi peke yake anarudi na harufu ya spiriti na dawa na ya mbwa wa pale hospitali, mwenzie nyumbani anamwona mgeni kavamia, na huyo mgeni ana mshono tumboni.

Halafu mchague dokta kwa makini, usione aibu kumuuliza. Nusukaputi kwa sungura ni hatari zaidi kuliko kwa mbwa na paka, utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta waliokufa ni karibu asilimia 1.4 kwa sungura wakati mbwa ni 0.17 na paka 0.24, na wale sungura waliokuwa wazima wa afya walikuwa na afadhali, kama 0.7. Kwa hiyo muulize anafanya sungura mara ngapi, majike siyo madume tu, muulize anawapa dawa gani ya maumivu ya kuja nayo nyumbani, anawapashaje joto wakiwa usingizini. Swali la mtego ni hili: wasile kuanzia saa ngapi? Akikwambia wafunge tangu jana usiku, ahirisha, mtafute mwingine. Sungura hawezi kutapika, hana sababu ya kufunga, na tumbo lake likikaa tupu linaacha kufanya kazi. Wale mpaka wanakaribia kuchomwa sindano, na ubebe nyasi zao na mboga wanayoipenda kwa ajili ya kuamkia. Kama hapo jirani hawana uzoefu, uliza hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, ndo wanakosomea madaktari wetu wa mifugo, hata kukuelekeza kwa mtu aliye Dar wanaweza.

Wakirudi toa maranda yote, tandika kanga kuukuu safi, maranda yanaingia kwenye mshono. Wakishaamka kabisa walale pamoja kama kawaida ila kwenye eneo dogo la chini lisilo na kitu cha kurukia, siku 10 hivi, na Karanga akijaribu kupanda siku hizo hapa sasa mzuie, siyo kama kabla. Angalia kula na choo. Saa 12 zimepita hajala wala hajatoa vidonge vya choo, huyo ni mgonjwa wa dharura, hata kama ni usiku. Na usimpe amoxicillin ya duka la dawa, wala penicillin yoyote ya kumeza, narudia, USIMPE, inaua wadudu wazuri wa tumboni mwake na anaweza kufa kwa kuharisha.

Kutulia hakuji siku ya pili. Homoni zinaisha taratibu, wiki 4 mpaka 8, kwa hiyo ukimwona Karanga bado anapanda wiki ya tatu usiseme hela imepotea.

SWALI

Habari daktari. Niko Nairobi. Sungura zangu ni wasichana wawili wa miezi saba, nilipeleka mmoja kwa vet akafanyiwa spei (kutolewa kizazi) juu pesa haikutosha wote, nikaona huyu mwingine nitampeleka mwisho wa mwezi ujao. Kumrudisha tu kwa keji yule mwenzake akamrukia, wakapigana ile mbaya, mmoja ako na kidonda kwa mgongo lakini imeanza kukauka. Sasa nimewaweka mbali. Nifanye aje warudiane?
Baba Sungura, Kasarani

JIBU

Pole sana kaka. Anza na hicho kidonda kwa sababu ndo kinanitia wasiwasi. Kukauka juu hakumaanishi ndani kuko salama, ngozi ya sungura inafunga haraka na usaha wake ni mzito, hautiririki kutoka kama wa mbwa, unajikusanya chini ya ngozi unakuwa jipu gumu ambalo baadaye lazima lipasuliwe. Papasa kila siku kuzunguka kidonda, ukisikia kivimbe au pamoto, rudi kwa daktari usikae. Na yule aliyefanyiwa mwangalie mshono wake kama haujafunguka kwenye huo mvurugano.

Kuwaweka mbali umefanya sawa kwa dharura, sasa wasogeze, ukuta uwe ni wavu mara mbili kama nilivyomweleza mama wa Mbezi hapo juu, na kubadilishana vitambaa na trei kila siku. Usijaribu kuwakutanisha sasa hivi. Mmoja kashatolewa kizazi na mwingine bado anachemka, hiyo haiko sawa, utawagombanisha mara ya pili bure. Huyo wa pili mpeleke huo mwezi ujao kama ulivyopanga, na siku hiyo mbebe na huyu wa kwanza amsindikize, akae naye pale kliniki kwenye boksi la jirani, warudi wananuka kitu kimoja. Hapo Nairobi kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu kiko Kabete, kama bei ya ulipokwenda inakubana ulizia na kule.

Hesabu wiki 6 tangu operesheni ya huyo wa pili ndo uanze kuwakutanisha. Pawe mahali ambapo hakuna hata mmoja wao ashawahi kukaa, bafuni umetandika mkeka, au nyumbani kwa jirani, kamwe usimtie mmoja kwenye keji ya mwenzake, hata kama imeoshwa. Tandaza sukumawiki na majani ya mwituni wanayoyajua chini kila mahali, siyo fungu moja. Dakika 10 zinatosha mwanzoni, wakigeuziana mgongo kila mtu akila yake, hiyo ni siku nzuri sana, wala usitegemee kulambana. Maliza wakiwa bado wana amani, usingoje waanze. Ongeza muda kidogo kidogo, na usiwalaze pamoja usiku mpaka uwe umewaona wakipumzika wamelala ubavu wote wawili karibu karibu, siku kadhaa mfululizo. Baadhi wanachukua wiki mbili, baadhi miezi. Keji yao watakayorudia nayo ioshwe na maji na siki, panga vitu upya kabisa, kila mmoja aione ngeni.

SWALI

Dokta shikamoo, naandika kutoka Leicester, Uingereza. Wangu wawili, dada wa tumbo moja, wana appointment ya spay wiki ijayo. Tangu juzi mmoja anabeba nyasi mdomoni anarundika kwenye kona, kajing'oa manyoya ya kifuani, na mwenzake akisogea anamng'ata. Dume hapa hakuna. Ana mimba? Na rafiki yangu ananishauri nibadilishe mmoja nichukue dume, eti majike wawili hawakai.

JIBU

Marahaba. Kama mmethibitisha wote ni majike basi hiyo ni mimba ya uongo. Jike wa sungura yai lake linatoka kwa kupandwa, na mwili hautofautishi aliyempanda ni dume au dada yake, basi unajiandalia uzazi ambao haupo, unadumu kama siku 16 mpaka 18 unaisha wenyewe. Usibomoe kiota chake, atang'oa manyoya mengine aanze upya. Mpe nyasi kavu nyingi, na kama ukali umezidi weka wavu katikati mpaka zipite. Piga simu kliniki leo uwaeleze, maana madaktari wengi wanapenda kusogeza operesheni mpaka maziwa yakauke, na kama watasogeza basi wasogeze ya wote wawili, usikubali mmoja atangulie.

Kuhusu dume, rafiki yako hajadanganya, dume aliyehasiwa na jike aliyetolewa kizazi ndo jozi rahisi kuliko zote na hata hao wa RWAF wanasema hivyo. Lakini hiyo ni kwa anayeanza. Wewe una wawili wanaopendana tayari, kuvunja urafiki uliopo ili ukatafute mwingine usioujua utakuwaje mimi siungi mkono. Na kama siku moja utachukua dume kwa sababu nyingine, kumbuka anaweza kuzalisha mpaka wiki 6 baada ya kuhasiwa, kwa hiyo asikae na jike ambaye hajatolewa kizazi kabla ya hapo. Chanjo zao za myxomatosis na RHD, magonjwa mawili ya virusi yanayoua sungura, pia zikumbushe kwenye simu hiyo hiyo, waulize zitenganishwe vipi na tarehe mpya ya operesheni.